Seva Inayowaka Nikiwepo Mimi Tu

Mpendwa Dada Hsiu-luan,

Naomba msaada wako, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana nina mimba ya miezi minane na mambo yamenifika shingoni na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia, si mume wangu, si mama mkwe, na rafiki zangu wa Taichung nao wanadhani mimi ni fundi wa ajabu kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewajaza maneno hayo.

Nimeolewa mji wa Yuanlin kwenye familia yenye jiko. Jiko ni la mama mkwe, na tunapika boksi za chakula cha mchana kwa wazee wanaoishi peke yao, ofisi ya mji ndiyo imetupa kazi hiyo, na wazee wenyewe hawali chakula kimoja, wengine hawana meno wanahitaji uji mzito na nyama ya kusaga, wengine wana kisukari, na wengine mafigo yameshachoka wanasafishwa damu hospitalini, na hao ndio wa kuogopwa kuliko wote kwa sababu mboga zao lazima zichemshwe na maji yamwagwe na kuna matunda hawatakiwi hata kuyalamba. Zamani mama mkwe aliandika majina kwa kalamu juu ya vifuniko. Mimi nilipoolewa sikuwa na kazi yoyote jikoni, Dada, sikufichi, sijui kupika, hata mchele nikiosha mama mkwe huja nyuma yangu akauosha tena, hasemi neno, anauosha tu. Lakini nilisomea kompyuta na nilishafanya kazi ofisini, kwa hiyo siku moja mezani nikasema nitawaletea programu ya kuchapa lebo, jina la mzee, mtaa wake na aina ya chakula chake, na kwa mara ya kwanza mama mkwe akaweka vijiti vyake vya kulia chini akanitazama.

Basi seva ikanunuliwa, tukaiweka kwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya mchele, juu yake nikaweka ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, ambavyo jina lake maana yake ni "uwe mtiifu", kama wanavyofanya watu wote wa kompyuta hapa kwetu ili mashine iwe na adabu, na tarehe yake ya kuisha naiangalia isije ikapita. Maelekezo yalisema programu iwekwe kama huduma, yaani ianze yenyewe mashine inapoamka, bila mtu kuketi mbele yake wala kuingia kwa jina lake. Nikaiweka. Ikakataa. Kikatokea kisanduku kimeandikwa kwamba huduma ilianza kisha ikasimama, basi, hakuna neno jingine. Nikaifuta nikaiweka tena, nikaipa ruhusa zote, nikazima ulinzi wa mtandao nikauwasha, nikabadilisha pakiti ya kijani, nikaenda hekaluni kwa Mazu, mungu wa bahari, nikachoma ubani, nayo inaanza na kusimama palepale.

Lakini nikiingia kwa jina langu mwenyewe nikabonyeza alama yake mara mbili, inafunguka kama haijawahi kuugua, inasoma orodha ya walaji kutoka diski Z, ambayo kwa kweli iko kwenye kompyuta ya mama mkwe kule ofisini na mume wangu Ping-hung ndiye aliyeniunganishia, na lebo zinaanza kutoka moja baada ya nyingine. Niliwahi hata kufungua kumbukumbu za makosa, nikakuta mstari unaosema njia ya Z haipatikani, nikaona huo ni uongo mtupu, maana Z ipo, naiona kwa macho yangu, naifungua na majina yote yamo, nikafunga kumbukumbu nikaendelea na mengine.

Sasa wakati nahangaika hivyo mama mkwe akaja akasimama mlangoni na taulo lake shingoni.

"Tayari?"

"Tayari, Mama."

"Inajiwasha yenyewe kama ulivyosema?"

Na mimi, Dada, sijui nini kilinipata, nikasema, "Inajiwasha."

Tangu hapo kila asubuhi naingia chumba kile kabla ya wengine, nasema naenda kufagia, naingiza jina langu na neno la siri, nabonyeza, nazima kioo, natoka na ufagio. Mashine ikijizima kwa sababu ya radi au ikijiwasha upya baada ya kujisasisha, narudi tena kufagia, hadi wapishi wanasema Shemeji anapenda usafi huyu. Mama mkwe naye amenitangaza. Wenye majiko wenzake wakija kunywa chai anawapeleka hadi mlango wa chumba kile anawaambia, "Ya kwetu inajiwasha yenyewe! Nyie endeleeni na kalamu zenu." Nami nimesimama pembeni nimejikausha, natabasamu kama picha ya ukutani.

Nilikuwa nimepanga kuirekebisha polepole, lakini nikashika mimba, na mama mkwe akaweka amri kwamba hakuna kitu kitakachosogezwa nyumba nzima, hakuna msumari, hakuna kuvuta kabati, hakuna waya kuchomolewa, kwa sababu roho ya mtoto inaweza kuwa imekaa popote, ukisukuma kitu unamuumiza. Alinikuta siku moja nimeinama nyuma ya seva akapiga kelele, "Toka humo! Usiguseguse! Ukizaa mtoto ana alama usoni utamwambia nani?" Kwa hiyo nikaacha, nikajiambia nitairekebisha nikishajifungua.

Halafu ikaja siku ya kliniki. Mashine ilikuwa imejiwasha upya yenyewe na mimi sikujua, nikaondoka mapema na Ping-hung kwenda kupimwa, na huku nyuma hakuna lebo hata moja iliyotoka. Wakasema printa imekufa, wakachukua kalamu, wakaandika haraka haraka huku magari yanasubiri, na Mjomba Kun, dereva wetu wa siku zote, ndiye aliyekabidhiwa boksi za watu wa figo. Siku hiyo tunda lilikuwa lile ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, na boksi moja yenye tunda hilo ikaenda kwa Mzee Tien-fa, anayesafishwa damu. Namshukuru Mungu wa Mbinguni kwamba mzee yule ana macho makali na mdomo mkali zaidi. Alipiga simu mwenyewe.

"Nyie watu mmechoka kunilisha, mnataka kunizika? Mmeniletea tunda la nyota! Hospitalini wamelibandika picha ukutani na msalaba mwekundu juu yake, hata mtoto wa chekechea anajua!"

Nilirudi kutoka kliniki nikakuta mama mkwe amesimama katikati ya jiko, mbele ya wapishi wote, Mjomba Kun ameinamisha kichwa.

"Kun! Macho yako uliyaweka mfukoni?"

"Nisamehe, bibi. Niliuliza, wakaniambia ndizo hizi."

"Msamaha kamwombe Mzee Tien-fa. Kuanzia leo njia ya watu wa figo hushiki tena, utapeleka za kawaida tu."

Mimi nilipita kama naenda chooni, nikaingia kule ndani, nikabonyeza, lebo zikaanza kutoka, nikatoka nikasema, "Ilikuwa printa. Karatasi ilikwama." Mjomba Kun akanitazama akasema, "Asante, Shemeji, wewe ukiwepo mambo yananyooka," na maneno hayo yamenikaa kooni hadi leo kama mwiba wa samaki. Amewapelekea wazee wale chakula tangu jiko lilipoanza, anajua mbwa wa kila mmoja. Sasa Mzee Tien-fa anamwulizia, "Kun yuko wapi, mbona hamleti Kun?" kila mara dereva mpya anapogonga mlango.

Sasa mwezi ujao najifungua, na mama mkwe ameshanilipia kituo cha kukaa mwezi pale mjini, wanapotunzwa waliojifungua bila kutoka nje mwezi mzima, na kule nitafungwa kichwa kwa kitambaa, nitanyweshwa supu ya kuku na mafuta ya ufuta, sitaosha nywele, sitapigwa na upepo, na simu amesema ataishika yeye kwa sababu mama mzazi akitazama kioo macho yanakufa uzeeni. Mwezi mzima, Dada! Nani atabonyeza? Nimefikiria kumfundisha Ping-hung kwa siri, lakini yeye hawezi kumficha mama yake kitu hata zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nimefikiria kuficha simu ya pili ndani ya mto ili niibonyezee mashine kutoka kule. Binamu yangu ameniambia niiweke mashine iingie yenyewe kwa jina langu kila inapowaka, bila neno la siri, lakini mashine ile ina majina na magonjwa ya wazee wote wa mji huu. Na nikisema ukweli, mama mkwe ataaibika mbele ya wenzake wote, na mimi katika nyumba hii nitabaki kuwa nani?

Nisaidie. Niambie namna ya kuifanya ijiwashe, na kama kuna njia ya kuifanya bila mtu kujua kwamba haikuwa ikijiwasha, niambie hiyo zaidi.

Mimi mdogo wako,
Mjamzito wa Yuanlin


DADA HSIU-LUAN ANAJIBU

Mjamzito wa Yuanlin,

Pole. Pole ya mgongo, pole ya miguu, pole ya kufagia chumba kisicho na vumbi kila asubuhi. Nimemaliza kutoa pole, sasa tuongee kazi.

Mashine haikukudanganya. Wewe ndiye uliyeiita mwongo ilipokuwa inakwambia ukweli. Jibu la tatizo lako umeniandikia mwenyewe katikati ya barua, kisha ukalipita mbio kama mtu anayemkwepa mdai wake: njia ya Z haipatikani. Ungesimama hapo dakika chache, usingehitaji kuniandikia.

Nisikilize vizuri. Ukibonyeza alama kwa kidole chako, programu inafanya kazi kwa jina lako, nayo inapata kila kilicho chako: ruhusa zako, printa yako, na hiyo Z aliyokuunganishia mumeo. Huduma haiko hivyo. Huduma inaanza kabla mtu yeyote hajaingia, inafanya kazi kwa jina jingine kabisa, na kwa jina hilo Z haijawahi kuwepo duniani. Z si mahali, mdogo wangu. Z ni jina la mkato mlilopeana wewe na kompyuta yako. Nyumbani kwenu mtu akisema "peleka kwa Mama" kila mmoja anajua ni wapi, lakini tarishi mgeni ukimwambia apeleke mzigo "kwa Mama" atasimama njiapanda hadi jioni. Huduma yako inaamka, inatafuta Z, haioni, inazima. Inafanya sawasawa kabisa. Na hizo ruhusa zote ulizoipa ni bure, kwa sababu haikukosa ruhusa, ilikosa anwani.

Kwa hiyo fanya hivi. Orodha ya walaji itoe kwenye kompyuta ya mama mkwe, iweke ndani ya seva yenyewe, kwenye folda yenye jina la kawaida, kisha kompyuta ya mama mkwe ndiyo iunganishwe na folda hiyo ili aendelee kuongeza na kufuta majina kama alivyozoea. Hapo hata akizima kompyuta yake kwenda kulala, lebo hazina habari. Kwenye mipangilio ya programu andika njia kamili ya folda, mwanzo hadi mwisho, usiandike herufi ya mkato. Printa nayo, nina hakika uliiweka ukiwa umeingia kwa jina lako. Iweke upya iwe ya mashine nzima, la sivyo utatatua Z leo na kesho huduma itawaka vizuri kabisa na isichape kitu, nawe utaniandikia barua nyingine. Halafu itengenezee huduma akaunti yake, yenye jina lake na neno lake la siri, iruhusiwe kusoma folda ile moja na kuchapa, basi. Usiipe jina lako. Najua utashawishika kwa sababu jina lako linafanya kazi, lakini siku utakayobadilisha neno lako la siri huduma itakufa, na utakuwa kitandani na mtoto kifuani. Mwisho, iambie ikianguka ijaribu kuinuka yenyewe, iwe na subira kidogo mashine inapowaka ili printa iwahi kuamka, na seva nayo iwekee mpangilio wa kuwaka yenyewe umeme ukirudi.

Najua unataka kuniambia kuhusu roho ya mtoto. Mimi nimezaa wawili na sikupigilia msumari hata wa kalenda, kwa hiyo mama mkwe wako namheshimu na amri yake iheshimu. Lakini kuhamisha orodha ndani ya kompyuta si kuvuta kabati. Hakuna kinachosogea, hakuna waya unaochomolewa, unaketi kwenye kiti chenye mto na kunywa maji ya uvuguvugu. Na kusoma kumbukumbu za makosa hakujawahi kumdhuru mtoto wa mtu yeyote. Tuseme ukweli wetu sisi wawili: mama mkwe alikukataza kugusa waya, wewe ukajikataza kutafuta, kwa sababu kutafuta kulikuwa karibu sana na kukiri.

Simu ndani ya mto, achana nayo. Watakuona siku ya kwanza, wale wauguzi wa vituo vya kukaa mwezi wana macho mbele na nyuma. La binamu yako la kuacha mashine iingie yenyewe bila neno la siri, umelikataa mwenyewe na umefanya vema. Magonjwa ya wazee si ya kuachwa wazi kwa kila anayeingia stoo kuchukua mchele. Na Ping-hung mwache na tabia yake. Mume asiyeweza kumficha mama yake kitu ana matatizo yake, lakini siku moja utamshukuru.

Ukishamaliza, jaribu. Na hapa ndipo watu wa kompyuta wengi hujidanganya, nimewaona miaka yangu yote hospitalini nilikokuwa nikitunza mashine. Wanajaribu wakiwa wameingia kwa jina lao, inafanya kazi, wanapiga makofi. Hapo hujathibitisha kitu. Zima seva kabisa. Toka chumbani, funga mlango, kaa jikoni na mikono yako yote miwili mezani ambapo kila mtu anaiona. Mtu mwingine aiwashe, abonyeze kitufe tu cha kuwashia, asiguse kitu kingine. Lebo zikitoka, una huduma. Zisipotoka, una ufagio, na unarudi kusoma kumbukumbu, safari hii mstari kwa mstari na bila kubishana nayo. Rudia siku nyingine, ukiwa kliniki.

Mtu huyo mwingine atakuwa Mjomba Kun.

Sasa tumefika kwake, na hapa sitanii. Umeniomba njia ya kuirekebisha bila mtu kujua kwamba haikuwa ikijiwasha. Njia ipo, ni rahisi, ungeweza kuimaliza mchana mmoja, na siikubali. Nilipokuwa hospitalini nimewaona wagonjwa wa figo waliokula tunda lile bila kujua. Inaanza na kwikwi isiyokoma, halafu maneno yanavurugika, na wengine hawakurudi nyumbani. Mzee Tien-fa yuko hai kwa sababu ana macho makali, si kwa sababu yenu. Jiko lenu linaamini kwamba kosa lile lilitoka kwa dereva asiyeona vizuri, limemwondoa, limelala usingizi. Kosa lenyewe bado limekaa kule nyuma ya stoo ya mchele. Watu wakidanganywa chanzo cha hatari hujilinda upande usio na hatari. Na mtu mzima aliyewapelekea wazee chakula miaka yote hiyo amefokewa mbele ya wapishi, kisha akakushukuru wewe. Ulisikia akikushukuru ukanyamaza! Haki yako ukose usingizi, na si kwa sababu ya mimba.

Kwa hiyo kesho, kabla hujagusa folda yoyote, nenda kwa mama mkwe wako wakati Mjomba Kun yupo, useme hivi, na usiongeze mapambo: "Mama, ile programu haijiwashi. Nimekuwa nikiiwasha mimi kila asubuhi. Siku ile ya Mzee Tien-fa haikuwa printa na halikuwa kosa la Mjomba Kun. Nimejua sababu, na nitairekebisha kabla sijajifungua." Usianze na Z, hatakuelewa na atadhani unamzungusha. Usianze na kulia. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, amejitapa mbele ya wenzake kwa neno lako. Lakini fikiria na yeye: mwanamke anayeendesha jiko la kulisha wagonjwa anajua tofauti kati ya aibu na msiba. Wenzake watamcheka chai moja au mbili. Kisha mwombe mambo mawili, umwombe wewe, asiombe Kun mwenyewe: Kun arudishiwe njia yake, na boksi za watu wa figo ziwe na vifuniko vya rangi yao peke yao, nyekundu au yoyote atakayopenda, ili hata siku lebo zisipotoka, mtu mwenye haraka asichanganye. Mashine yoyote huanguka siku moja. Jiko zuri linajua la kufanya siku hiyo.

Kun naye mwombe radhi kwa maneno, si kwa boksi la keki. Keki mpe baadaye.

Kuna jambo moja hukuliuliza, ila limejaa barua nzima. Umeniambia hujui kupika, umeniambia mchele wako huoshwa mara ya pili, umeniambia mama mkwe aliweka vijiti chini akakutazama kwa mara ya kwanza ulipotaja programu. Mimi pia niliingia nyumba ya watu nikiwa sijui kukata hata kitunguu cha kumridhisha mtu, kwa hiyo nakuelewa, na inauma. Ulipata kazi moja ambayo bila wewe haiendi, na ukaishikilia. Sisemi uliharibu huduma makusudi. Nasema ilipoharibika hukuwa na haraka sana, kwa sababu asubuhi unapotoka chumba kile na ufagio wako, jiko zima linakula mkononi mwako na hakuna anayejua ila wewe. Ni utamu huo, usinikatalie. Ila mashine inayohitaji mtu mmoja asiugue, asisafiri, asizae, imemfunga mtu huyo kamba, hata kama kamba yenyewe anaipenda.

Itengeneze ili usihitajike. Ndiyo kazi uliyoisomea. Halafu nenda kituoni ukafungwe kichwa chako. Asubuhi moja utakuwa umelala pale, radi imepiga usiku, utajua kwamba umeme umekatika na kurudi, utasubiri mtu aje mbio kukuita. Hakuna atakayekuja. Lebo zitakuwa zimeshatoka na magari yameshaondoka, na wewe hukuwepo. Itakuuma kidogo. Ikikuuma, ujue umeifanya vizuri. Mgeukie mtoto, mnyonyeshe, kisha ulale.